Vidole Visivyokisikia Kitambaa

"Semeni nyie wenyewe: nyuma harusi, mbele msiba. Hili ni gauni la mtu mmoja hili?"

Mama Pacha alikuwa ameliinua gauni jeusi juu ya kichwa chake, na milango ya korido ilikuwa wazi yote, maana jumba lile la wapangaji halikubali kupitwa na ugomvi. Fundi, mshona nguo wa chumba cha katikati, alisimama mlangoni mwake, mkono wa kulia kaufutika kwenye aproni. Alijibu kwa ukali zaidi kuliko alivyokusudia: ndio mtindo wa sasa, asiyejua mitindo avae gunia. Watu wakaangua kicheko. Mama Pacha akasema vizuri, atalivaa hivyo hivyo kazini, na atakayeuliza ataelekezwa kwa aliyeshona.

Mtindo wapi. Fundi alijua ameharibu. Kitambaa kile ukiwa ndani ya nyumba pande zake ni sawa; juani ndipo unaona upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Yeye tangu afundishwe kazi na shangazi yake hakuwahi kuuliza macho. Alikipitisha kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada: kunakoteleza ni nje, kunakokwaruza ni ndani. Sasa vidole vilikuwa kimya. Vikiacha ganzi, vinachomachoma. Hakumwambia mtu, nani atampelekea kitambaa mshonaji aliyekufa vidole?

Milango ilipofungwa, yeye hakutulia. Alifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Alikaa, akasimama, akaukung'uta mkono kama anayekausha maji. Ndivyo alivyokutwa na Bwana Shoti, jirani wa mwisho wa korido, aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake hospitalini ni kuwapiga watu umeme kidogo na kupima neva zao. Hakuuliza habari za gauni. Alimwambia tu asubuhi waongozane.

Asubuhi, hospitalini, Fundi alikaa nusu kiti, kama mtu anayengoja kuitwa kwingine.

"Utaniua kwa umeme, kaka?"

"Umeme unao tayari, dada. Mimi nauchokoza tu."

Huku akimbandika nyaya kidoleni, alimweleza. Chembe ya neva ina kiwiliwili kidogo, kimekaa shingoni pembeni ya uti wa mgongo, na uzi wake unashuka mpaka ncha ya kidole. Uzi umevishwa mafuta, na mafuta yana mapengo. Ukigusa kitu, vilango vya pengo vinafunguka, chumvi inaingia, umeme unageuka. Pengo la pili linashtuka, nalo linafungua vyake.

"Ni kama umbea wa kwetu," alisema. "Mama Pacha hapiti mlango kwa mlango. Kila mlango unaupokea na kuusema upya, kwa sauti ile ile. Ndiyo maana unafika mwisho haujapoa."

Fundi alicheka bila kupenda, shoti ikampiga katikati ya kicheko. Kwenye kioo cha mashine wimbi likaruka. Kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono habari zilikimbia. Zikifika kifundoni zinajikokota.

"Uzi haujakatika," alisema Bwana Shoti. "Umebanwa hapa, mafuta yamechakaa. Daktari atakufunga kibao, labda apasue kidogo. Lakini mkasi na cherehani uviache kwanza. Ukiendelea hivi, siahidi kitu."

Kuacha cherehani maana yake ni kuwaambia watu. Njia nzima alilipindua hilo kichwani, akiwapita wateja wake bila kuwaona. Atamwambia nani kwanza? Ukimwambia Mama Pacha, mtaa mzima unajua kabla maji hayajachemka. Lakini gauni lilikuwa la Mama Pacha. Alipita mlango ule, akarudi, akaupita tena, kisha akagonga.

Mama Pacha alifungua na mwiko mkononi, uso umekunjwa.

"Sikulishona vile makusudi," Fundi alisema, akitoa mkono chini ya aproni. "Wala si mtindo. Vidole havikisikii kitambaa."

Mama Pacha alikishika kidole cha shahada, akakifinya.

"Hapa?"

"Kidogo."

"Na hapa?"

Fundi alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa mwenzake, akingoja ile sauti ya kufungua milango. Mama Pacha alichungulia korido huku na huku, akamshika kiwiko na kumvuta taratibu.

"Ingia, shoga," alinong'ona. "Chakula kimeiva, uje ule."