Pita Nilipopita Mimi

Ndege ilianguka ghafla, ikajikusanya, ikaanguka tena. Nyuma abiria walipiga kelele. Mmoja, mtu mzima na mvi zake, alimwita mama yake. Rubani hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye rada: nyekundu kushoto, nyekundu kulia, na katikati mwanya mweusi, mwembamba kama mlango ulioachwa wazi kwa kusahau. Akaupenya.

Upande wa pili jua lilikuwa linawaka.

"Asante Mungu," alisema rubani msaidizi, akifuta viganja kwenye suruali.

Redioni ikaja sauti ya mdogo wake rubani, aliyekuwa akiwafuata na ndege ya pili ya kampuni. Rada ya ndege ile ilikuwa imekufa tangu juzi, fundi anangoja kipuri, na mwenye kampuni hataki kusikia habari ya kuahirisha safari. Basi ndugu hao waliruka hivyo: mkubwa mbele, mdogo nyuma akiazima macho ya kaka yake.

"Kaka, vipi huko? Kunapitika?"

"Kunapitika. Pita nilipopita mimi."

"Haya. Ukinidanganya nakushtaki kwa mama."

Rubani akacheka. Muda si muda aliigeuza ndege ili aanze kushuka, na hapo akaliona lile wingu ubavuni mwake. Mwanya haukuwepo. Wingu lilikuwa limejifunga, jeusi chini, linapanda huku unaliona. Wingu la radi halina mlango, lina pumzi tu. Maneno hayo yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mdogo wake.

"Usiingie! Geuza, rudi ulikotoka! Unanisikia?"

Redio ilikwaruza. Akaita tena, akaita kwa jina la utotoni, mpaka rubani msaidizi akainamisha kichwa.

Alitua vizuri. Abiria walimpigia makofi, na makofi yale yalimuuma kuliko matusi.

Ukumbini alimkuta mke wa mdogo wake, mtoto mgongoni amelala.

"Shemeji, mbona umepauka hivyo? Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nyuma."

"Siku zote akitua wewe hujashuka hata ngazi." Akamkazia macho. "Umeongea naye?"

"Nimeongea naye."

"Kasemaje?"

Rubani alitafuta uongo, hakuupata. Roho ilikuwa inamchanika: ni mimi niliyemtuma, ni mimi.

"Kasema atanishtaki kwa mama."

Shemeji yake akaangua kicheko. "Huyo naye! Hakui!" Akamvuta mtoto juu kidogo, akakaza kanga, akaenda kusimama dirishani apate kuwa wa kwanza kumwona.

Nje, kwenye maegesho ya ndege ya pili, mwongoza ndege alikuwa ameshika vibao vyake viwili vya rangi ya chungwa, anatazama juu. Mvua ilianza kumnyeshea. Hakuvishusha.