Waliombeba Asahel Tuttle

Asahel Tuttle alifariki mwezi wa Aprili, tope likiwa limejaa njia nzima, na hadi asubuhi ya maziko hakuna jirani hata mmoja wa Eastbrook aliyejitokeza kumbeba. Binti yake Jerusha alikuwa amepita nyumba hadi nyumba. Wote walimpa pole, na wote walikuwa na shughuli. Mhunzi Eliakim Stroud peke yake ndiye hakumung'unya maneno.

"Wakambebe watu wa Corley, binti. Si ndio aliowapa mahakama?"

Kosa lilikuwa hilo. Asahel alipokuwa mwakilishi wao katika bunge la jimbo la Vermont, ilibidi iamuliwe mahakama ya wilaya ikae wapi. Eastbrook ilifurika kila theluji ilipoyeyuka, hakimu akisikiliza kesi miguu ikiwa juu ya benchi. Asahel akapiga kura iende Corley, kule mlimani. Aliporudi hakutukanwa wala kupigwa mawe. Alinyamaziwa tu, miaka nenda miaka rudi. Hiyo ndiyo adhabu ya watu wanaojiona wastaarabu.

Corley walileta ujumbe kwamba wako tayari kumbeba. Jerusha alikataa, akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, ingawa alijua vizuri kwamba pale anayekokotwa ni maiti wa mpita njia. Mwenyeji hubebwa mabegani. Ilimuuma, akalia huku akikaza kamba.

Ndipo Stroud akaingia uani na wanaume watano, wote wamenuna.

"Nasikia Corley wanataka kuja kumbeba," alisema. "Mahakama wamechukua, na huyu pia wamchukue? Fungua ng'ombe wako."

Jerusha aliuliza kama wamemsamehe.

"Nani kakwambia?"

Wakalinyanyua jeneza. Kwenye mteremko wa makaburini Stroud aliteleza, nusura aanguke.

"Asahel, mkaidi wee, hata kufa umekufa bado unatuelemea."

Mwenzake akadakia kwamba kama mahakama ingebaki Eastbrook, njia hii ingekuwa imewekwa mawe. Mwingine akasema kama ingebaki, leo mahakama yenyewe ingekuwa imesombwa mtoni. Stroud akamwambia anyamaze, yeye anaongea na Asahel.

Jerusha aliwafuata nyuma, sketi imelowa tope. Tangu ile kura hakuwahi kusikia jirani akimwita baba yake kwa jina. Alitamani makaburi yangekuwa mbali zaidi.