Jumatatu za Kocha Haskell

Siku Kocha Haskell alipoingia wodini mara ya kwanza, Chepngetich alimdhania fundi wa mabomba. Alivaa shati la kazi lililopauka, kofia mkononi, na alisimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuonyeshwa bomba linalovuja. Kisha akauliza chumba cha Dady, na Chepngetich akaitambua sauti. Alikuwa ameisikia kila Jumamosi sebuleni kwake, kwenye televisheni.

Chepngetich alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Houston, wodi ya watu walioumia uti wa mgongo. Dady aliletwa pale mwishoni mwa Septemba. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi na kukulia Vickery Meadow, kule Dallas, mtoto wa pekee wa mama Mkongo aitwaye Charlotte. Alichezea Chuo cha Caddo Ridge, karibu na Fort Worth, ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Katika mchezo wa pili wa msimu alivunjika shingo. Mdomo ulibaki mzima, na mabega, na mkono wa kulia kidogo. Kuanzia kifuani kushuka chini hakuhisi kitu.

Charlotte alifanya kazi kwenye ghala huko Dallas na aliweza kuja Jumapili tu, kwa basi. Kocha alikuja Jumatatu. Alifika saa nne asubuhi, akavuta kiti upande wa mkono wa kulia, akakaa mpaka saa nane. Wakati mwingine walitazama mikanda ya michezo kwenye simu, wakati mwingine hawakusema lolote. Muuguzi akija kumgeuza Dady, kocha alisimama na kuangalia dirishani. Baada ya wiki ya tatu akaomba afundishwe kumgeuza mwenyewe.

"Ni yeye alimurudisha kwa kiwanja," Charlotte alimwambia Chepngetich Jumapili moja, huku akimpaka mwanawe mafuta miguuni. "Dady alikuwa amegongwa ya kwanza, mikono ikaanza kumuwasha-washa. Kocha akamuuliza, uko sawa? Akasema niko sawa."

"Ni mimi nilisema, Mama," Dady alidakia kwa Kiingereza.

"Mutoto wa miaka kumi na kenda, batu elfu makumi ine banapiga kelele, atasema nini?" Charlotte alijifuta mikono, akamwita Chepngetich kwa jina la bintiye. "Mama Chebet, ule mutu nikimuona roho yangu inachemuka. Na akikosa kukuya siku moja, nitamuchukia zaidi."

Chepngetich aliyasikia hayo na kuyafungia hapohapo, kwa kuwa sheria ya kazi ilimkataza kumwambia mtu yeyote hata kwamba Dady alikuwa mgonjwa wao.

Mumewe, Cheruiyot, hakujua kitu. Alifanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja Plano, kando ya Dallas. Jumatatu alfajiri aliondoka nyumbani kwao Missouri City, kando ya Houston, akaendesha gari kwa saa nne na ushei kwenda kaskazini, na Alhamisi jioni akarudi. Naye alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Caddo Ridge. Alifika pale kutoka Kericho akiwa na sanduku moja, na mwaka ule wa kwanza, mahali pekee alipokumbatiwa na watu asiowajua palikuwa uwanjani. Miaka kumi na minne baadaye bado alivaa fulana ya zambarau ya timu kila Jumamosi, na wageni walijaa sebuleni kwake.

Jumamosi moja ya Oktoba walikuwepo Sheldon, Mkenya mwenzake aliyefundisha kemia sekondari, na Vital, Mkongo dereva wa forklifti ya kuinulia mizigo ghalani. Timu ilikuwa imeshapigwa mara nne mfululizo na sasa ilikuwa inapigwa ya tano.

"Aende," Sheldon alisema, akitupa mfupa kwenye sahani. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulimsifu mwaka juzi, sasa tunakunywa maji."

"Aende wapi?" Vital aliuliza. "Munafukuza huyu, munaleta mwingine. Kisha miaka mbili munamufukuza na ule. Timu itakomala siku gani?"

"Vital, michezo saba, ushindi mmoja!"

"Na wachezaji wake wazuri watatu wameumia," Cheruiyot alisema. "Mimi nasema apewe mpaka mwisho wa msimu. Huyu ndiye alitutoa shimoni."

"Na ndiye anaturudisha. Na hizo Jumatatu zake je? Jumatatu kocha anakaa na vijana, wanaangalia wamekosea wapi. Yeye haonekani, anaachia msaidizi. Redioni wanasema anakunywa."

Chepngetich alikuwa anaweka kachumbari mezani. "Nani amemwona akinywa?" aliuliza.

Wanaume wakacheka. "Shemeji naye ameanza kufuata mpira!" Sheldon alisema.

Akarudi jikoni. Kutoka kule alimsikia Vital akiuliza, "Na ule kijana wa kuvunjika shingo, anaendelea aje?" Sheldon akajibu kwamba familia iliomba isisumbuliwe. Halafu mpira ukaangushwa, wote wakapiga ukelele, na kijana wa kuvunjika shingo hakutajwa tena mpaka wageni walipoondoka.

Jumatatu iliyofuata, mnamo saa moja na nusu, Cheruiyot alisimama kutia mafuta katikati ya safari, kwenye kituo kikubwa kando ya barabara kuu. Upande wa pili wa pampu alisimama Kocha Haskell, peke yake, kikombe cha kahawa juu ya paa la gari. Cheruiyot alitaka kwenda kumsalimia. Alipiga hatua mbili. Kisha akakumbuka ni Jumatatu, na kwamba gari lile lilikuwa limeelekea kusini, Houston, na kwamba kulikuwa na fununu ya timu moja ya Houston kutafuta kocha. Kitu kikamchoma. Alitoa simu, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la mashabiki lenye watu elfu tatu. Chini yake aliandika: "Saa hii vijana wetu wako darasani na mkanda wa aibu. Yeye yuko njiani kwenda Houston. Kwa nani?"

Kabla hajafika Plano picha ilikuwa imeshatoka kwenye kundi na kuenea kila mahali. Jumanne ilizungumzwa redioni. Mwenye kipindi alisema kocha anatafuta kazi nyingine huku timu inazama, na wapigaji simu, mmoja baada ya mwingine, wakamwita msaliti.

Chepngetich aliiona Jumanne hiyo kwenye simu ya mwenzake kazini. Alipoona jina la aliyeituma, alitoka hadi kwenye maegesho akampigia mumewe.

"Baba Chebet, toa ile picha."

"Picha gani? Ya kocha? Imeshasambaa, hata nikiitoa..."

"Itoe. Andika kwamba ulikosea."

"Nimekosea nini? Si nimemwona na macho yangu?"

"Umeona mtu anatia mafuta."

"Basi alikuwa anaenda wapi? Wewe unajua?"

Gari la wagonjwa lilipita mbele ya Chepngetich taratibu, bila king'ora.

"Nakuuliza. Unajua kitu?"

"Nakuomba tu," alisema. "Mimi mkeo nakuomba."

"Niambie sababu nitaitoa sasa hivi."

Hakuweza. Alifikiria kumwambia nusu, na akaona kwamba nusu ndiyo yote. Alikata simu. Wiki ile Cheruiyot aliporudi, walikula bila kuongea, na Chebet, binti yao, akauliza kwa Kiingereza nani amekufa.

Jumapili ya pili ya Novemba, baada ya kipigo kingine, chuo kilitangaza kwamba kimeachana na Kocha Haskell. Kundi la mashabiki lilijaa vigelegele. Sheldon alimpigia Cheruiyot kumpongeza: "Kijana wa Kericho umeng'oa mbuyu!" Cheruiyot alicheka, akaweka simu chini.

Kesho yake kocha alikuja hospitali kama kawaida. Alikuwa amenyoa vibaya, kidevu kimechubuka. Hakuondoka saa nane. Alikaa mpaka jioni, akamlisha Dady chakula cha jioni kijiko kwa kijiko, na Chepngetich alipoingia na dawa alimkuta anasema, "Sasa nina siku zote, mwanangu. Sina kazi ya kunizuia."

Dady alitabasamu. Ndiyo mara ya mwisho Chepngetich alimwona akitabasamu.

Maana mtu mwenye mke na watoto watatu hakai bila kazi, na pale Texas jina lake lilikuwa limechafuka. Mwezi wa kumi na mbili alipata nafasi ya usaidizi katika chuo kidogo huko Montana, safari ya siku mbili kwa gari. Alimweleza Dady mwenyewe, mlango ukiwa wazi. Aliahidi kupiga simu kila Jumatatu. Dady alisema sawa, hakuna shida. Kocha alipoinama kumkumbatia, mkono ule wa kulia haukuinuka, na Chepngetich alijua kwamba ungeweza kuinuka.

Simu zilikuja. Mara mbili Dady alipokea, kisha akawa anawaambia wauguzi wamwambie amelala. Alikataa mazoezi. Alikataa kushushwa kwenye kiti. Ule uwezo mdogo wa vidole alioupata Oktoba ukaanza kupotea. Charlotte akija Jumapili alimbembeleza, akamwimbia, akamgombeza, na mwisho alikaa tu. "Nilimuchukia ule muzungu," alimwambia Chepngetich kwenye korido. "Sasa namukosa. Mungu ananichekesha."

Januari Dady aliruhusiwa kwenda nyumbani. Kanisa liliwapatia chumba cha chini kwenye jengo lilelile la Vickery Meadow, maana cha kwanza kilikuwa ghorofa ya pili na hapakuwa na lifti. Gazeti moja la Dallas lilimtembelea Charlotte likaandika habari fupi. Ndani yake alisema kwamba kutoka chuoni hakuna aliyekuja Houston isipokuwa kocha aliyefukuzwa, na kwamba alikuja kila Jumatatu, tangu mwisho wa Septemba mpaka alipohama, bila kukosa.

Cheruiyot aliisoma ofisini, mchana, akiwa na mkate mkononi. Aliisoma mara tatu. Kisha akampigia mkewe.

"Ulijua," alisema.

Chepngetich alisogea pembeni na simu.

"Ulikuwa unanisikia nikiongea hapo sebuleni, na ulijua."

"Nilikuomba," alisema.

Siku hiyo Cheruiyot aliandika kwenye kundi. Alieleza kuhusu picha, kuhusu barabara ile, kuhusu Dady. Aliomba msamaha kwa majina matatu: la kocha, la Dady na la mama yake. Kundi lilikuwa linazozana juu ya kocha mpya, kama afaa au naye ni walewale. Watu wawili waliweka alama ya machozi. Mmoja akaandika kwamba hata hivyo matokeo yalikuwa mabaya, mpira ni matokeo. Halafu mzozo ukaendelea juu ya ujumbe wake, ukausukuma juu, mpaka ukatoweka kwenye kioo.

Jumatano alitoka kazini mapema, akanunua matunda, akaendesha mpaka Vickery Meadow, akaulizia hadi akaonyeshwa mlango. Charlotte alimfungulia. Cheruiyot alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa zamani wa chuo na kwamba ni jirani wa Plano. Chumba kilikuwa na joto kali na harufu ya dawa ya kusafishia. Dady alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Wewe ni shabiki?" Dady aliuliza kwa Kiswahili cha mama yake, polepole. "Banasemaka nini juu yangu?"

Cheruiyot alifungua mdomo. Alikumbuka Jumamosi zote zile, sahani, kelele. "Wanakuulizia," alisema. "Wanauliza unaendeleaje."

Dady alimtazama bila kupepesa.

"Si kweli," Cheruiyot alisema. "Walikuulizia mara moja. Na ile picha ya kocha kwenye pampu, niliipiga mimi. Nimekuja kukuambia hivyo."

Charlotte alikuwa ameshika kisu na chungwa. Alikiweka kisu mezani. Dady aligeuza uso upande wa ukuta. Aliongea kwa Kiingereza, akimwambia mama yake kwamba amechoka.

Charlotte alimsindikiza Cheruiyot mpaka nje. Watoto walikuwa wanatoka shule, wanapita na mabegi kati ya majengo.

"Usirudie kukuya kwanza," alisema. "Miye sina kasirani. Nguvu ya kukasirika iliisha. Lakini yeye bado."

"Nikuachie namba yangu?"

Charlotte alifikiria. "Hapana, acha," alisema, na akarudi ndani.

Alhamisi alipofika Missouri City alimkuta Chepngetich anakunja nguo kitandani. Alikaa pembeni, akamsimulia yote, hata ule uongo wa kwanza. Chepngetich aliendelea kukunja. Mumewe alipomaliza kuhadithia, alimuuliza jambo moja tu.

"Ulimkuta amelala au amekaa?"

"Amekaa. Kwenye kiti."

"Vizuri," Chepngetich alisema. Alichukua rundo la nguo za Chebet akazipeleka chumbani kwake, na Cheruiyot akabaki amekaa palepale, na soksi moja isiyo na mwenzake mkononi.