Mama Hanywi Kwenye Wimbo

Kila jukwaa alilopanda Delphia Stidham, watu walidai viatu. Angeanza na wimbo wa mapenzi, wakampigia makofi ya adabu. Angefuata na wa treni, wakatikisa vichwa. Lakini walikuwa wanasubiri tu, na mwishowe sauti ya mlevi mmoja huko nyuma ingepasuka: "Viatu, Delphia! Tuimbie viatu!" Basi fidla ingeanza kulia, naye angefumba macho na kuimba "Baba Alikunywa Viatu Vyangu," na wanaume wazima, madereva wa malori wenye mikono kama magogo, wangetokwa machozi mbele ya wake zao bila haya. Wanawake nao walimletea viatu vya watoto wao, vile vidogo vya kujifunzia kutembea, wakaviweka miguuni pake. Nyuma ya basi lake kulikuwa na makasha yamejaa viatu hivyo. Hakuthubutu kuvitupa, na kuvitazama hakuweza.

Hakuweza kwa sababu baba yake hakunywa viatu vya mtu. Hobart Stidham hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, hata ya dawa.

Aliyevinywa ni mama, Mossie, ambaye sasa alikuwa amelala kaburini juu ya kilima cha Pigeon Lick, katika milima ya Kentucky, na watu wote wa bonde lile wakimtaja kwa heshima. Masikini Mossie alianza kunywa baada ya mwanawe wa kwanza kuangukiwa na jiwe mgodini na kufa. Alinywea ndani, mlango umefungwa, na Hobart akamfichia siri. Mgeni akija, jibu lilikuwa moja: Mossie anaumwa kichwa. Vuli moja Delphia alinunuliwa viatu vipya vya shule, na kabla havijapata vumbi Mossie akavipeleka kwa mpika gongo wa bonde la pili, akarudi na chupa.

Hobart hakupiga kelele. Alichukua viatu vyake vya Jumapili, pekee alivyokuwa navyo, akavikata kwa kisu, akavishona upya kwa uzi wa kushonea matandiko ya farasi, akamvalisha binti yake. Kuanzia hapo akawa anaingia kanisani na mabuti ya mgodini. Na hakuwa mtu wa kukaa nyuma, maana ndiye aliyekuwa mtoa mstari. Kanisa lao halitaki kinanda wala gitaa. Mtu mmoja husimama, akautoa mstari wa wimbo harakaharaka, na wengine wote wakaupokea polepole, kwa sauti za kuvuta, mpaka milima yenyewe ikaitikia. Hobart akitoa mstari, hata mbwa wa nje walinyamaza. Kila alichokijua Delphia kuhusu kuimba, alikipata pale, akiwa amevaa viatu vya baba yake.

Wimbo wenyewe aliutunga ukiwa wa kweli. Ulikuwa unamtaja mama, na ubeti wa mwisho ulikuwa wa baba na kisu chake. Akaubeba mpaka Nashville, akahudumu mezani kwenye mkahawa mmoja huku akigonga milango ya watengenezaji wa santuri, mpaka siku moja mlango mmoja ukafunguka. Bwana Lyle Pruitt alimsikiliza miguu ikiwa juu ya meza.

"Wimbo mzuri," alisema. "Una kosa moja tu. Mama hanywi."

"Lakini alikunywa, bwana."

"Dada yangu, kwenu anaweza kunywa mto mzima. Kwenye wimbo hanywi! Mama wa kwenye wimbo anaomba, anafua, anakufa. Basi. Anayekunywa ni baba. Nani atampelekea mkewe nyumbani santuri ya mama mlevi?"

"Na ubeti wa viatu kukatwa?"

"Utoe. Mlevi gani huyo anayeshona viatu?"

Delphia aliangalia dirishani. Mkahawani walikuwa wanamngojea na sinia la kahawa. Alijiambia ni neno moja tu, tena baba ni mtu wa kanisani, hasikilizi nyimbo za dunia. Akalibadilisha hapo hapo, amesimama.

Na bado angeweza kujiokoa. Wimbo ni wimbo, watu hutunga mambo. Lakini ulipovuma, mtangazaji wa redio akamuuliza: "Delphia, hebu tuambie, ni kweli haya?" Katika muziki huu mwimbaji akionekana anaigiza machozi, hutupwa kama kiazi kilichooza. Naye akajibu, nchi nzima ikisikia: "Kila neno."

Mchuma janga hula na wa kwao. Mwaka haukuisha, dada yake Oma, aliyebaki nyumbani kumtunza baba, akampigia simu.

"Hongera, nyota wetu," alisema. "Wamemwita Baba mbele ya kanisa."

"Wamemwita kwa lipi?"

"Kwa lipi! Kwa viatu vyako. Wazee wamekumbuka mabuti yake ya zamani. 'Ala, kumbe ndiyo maana! Hata vyake alivinywa!' Lisemwalo lipo, si ndiyo? Ndugu Caudill akamsimamisha kikaoni akamuuliza, 'Ndugu Stidham, ulikuwa unakunywa?' Baba akasema ndiyo."

"Oma! Kwa nini asikatae?"

"Akatae aseme nini? Aseme alikuwa Mama? Mama yuko kaburini, hana mdomo wa kujitetea. Wamemsamehe, wamempa mkono. Lakini hatoi mstari tena. Wakimwomba anatikisa kichwa. Anasema aliyedanganya ndani ya nyumba ya Mungu hana kinywa cha kumwimbia. Wao wanadhani anaona aibu ya pombe. Uongo wenyewe tunaujua mimi na wewe."

Delphia aliweka simu chini. Aliona haya hata ya kulia. Lililo baya zaidi ni kwamba jioni ile alipanda jukwaani kama kawaida, wakadai viatu, akaimba viatu, na aliimba vizuri kuliko siku zote.

Akaamua. Agosti, siku ya ukumbusho wa mama, ukoo wote ukikusanyika kaburini pamoja na kanisa, angesimama na kumrudishia baba jina lake mbele ya watu wale wale.

Basi lake la rangi ya dhahabu halikuweza kuingia bondeni, akaliacha barabara kuu na kwenda kwa miguu kando ya kijito. Alimkuta baba kibarazani, amekaa kwenye kiti cha kubembea, akihema kwa tabu. Vumbi la makaa ya mawe lilikuwa limeshamla mapafu. Miguuni alikuwa na mabuti.

"Umekonda," Hobart alisema. "Huko hawana maharage?"

"Yapo, Baba. Hayana mafuta ya nguruwe."

"Hayo si maharage, hayo ni adhabu."

Wakacheka kidogo, na kicheko kikamtia baba kikohozi. Delphia alipiga magoti mbele ya kiti. "Mbona hujavaa viatu nilivyokuletea Krismasi?"

"Viko kwenye boksi. Vizuri sana."

"Baba, leo nitasimama. Nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

"Ukweli."

Mzee aliacha kubembea. "Juu ya kaburi la mama yako. Siku ya ukumbusho wake." Alivuta pumzi, ikakwama njiani, akaivuta tena. "Delphia, mimi uliniuza, sikusema kitu. Mama yako humuuzi."

Neno lile lilimchoma hasa, kwa sababu lilisemwa bila hasira. "Na jina lako je?" aliuliza.

"Langu ninalo mwenyewe, nitalibeba. Yeye hana mikono."

Oma alikuwa mlangoni, amebeba keki ya matabaka iliyopakwa tufaha, amesikia yote. "Mwache tu, Baba," alisema. "Aseme, atue mzigo wake, apande basi lake aende zake mwepesi. Sisi ndio tutakaobaki hapa kuokota maneno ya watu."

"Si kwa ajili yangu, Oma!"

"Hee! Ni kwa ajili ya nani? Unayemtetea kasema hataki."

Delphia alimshika baba mkono, wakapanda kilima taratibu, wakisimama kila mara ili apumue.

Juu walikuta meza ndefu za mbao zimejaa kuku wa kukaanga, mikate ya mahindi na mitungi ya chai ya baridi. Makaburi yalikuwa yamepaliwa na kupambwa maua ya karatasi. Watu walimkumbatia Delphia, wakamgusa nywele, mabibi wakamwuliza kama kweli anavaa nywele za bandia. Lakini Hobart walimsalimia kwa upole fulani, ule wa kumsalimia mtu aliyewahi kufungwa. Delphia aliuona upole ule, akatamani wangemtukana.

Kisha Ndugu Caudill, mchungaji, akasimama chini ya paa la matawi na kuhubiri. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoumiza. Alimlilia Mossie kwa machozi ya kweli. "Dada yetu huyu alibeba msalaba," alisema, leso mkononi. "Aliishi na pombe ndani ya nyumba yake, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Akalea watoto pekupeku! Na leo yuko mahali ambapo hakuna mtu atakayemnyang'anya kitu."

"Amina!" wakasema wanawake.

Hobart alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mabuti yake. Delphia alimwona, na yale yote aliyoambiwa kibarazani yakamtoka. Hasira na aibu vilimnyanyua kwa pamoja. Akajikuta amesimama.

"Ndugu zangu," alisema, "nina neno. Ni kuhusu viatu."

Wakatabasamu. Walidhani ataimba. Bibi mmoja akamkanya mwenzake, "Nyamaza tumsikie."

"Mama yangu..."

Nyuma yake sauti ikapanda, nyembamba, iliyokwaruzika, lakini kila mtu pale aliijua.

"Nimechoka na njia, Bwana, nipokee mlangoni!"

Hobart alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya jiwe la kaburi la mkewe, anatoa mstari. Lo! Kanisa likashtuka, kisha likaupokea, wanaume na wanawake, polepole, sauti zikivutana mpaka ng'ambo ya bonde. Kuna waliolia papo hapo. Wakaanza kuzunguka na kupeana mikono huku wanaimba, kama desturi yao. Hobart Stidham anatoa mstari! Mungu ni mkubwa! Hakuna aliyekumbuka tena kwamba Delphia alikuwa na neno.

Yeye alielewa. Sauti aliyoiua, ambayo alikuja kuifufua, imefufuka ili kumziba mdomo.

"Vumbi la dunia hii nimelikung'uta kizingitini!"

Wakaupokea wa pili. Hobart akafungua kinywa kutoa wa tatu, na pumzi ikakataa. Alijaribu tena. Kifua kilipanda, kikashuka, hakuna kitu. Watu wakaumaliza mstari wao, wakasubiri, na kilima kizima kikawa kimya.

Nafasi ndiyo ile. Hakuna aliyekuwa anaimba, kila mtu alikuwa anasikiliza, na maneno yalikuwa mdomoni: mama ndiye aliyekuwa anakunywa, baba hakunywa. Angeyasema kwa pumzi moja. Alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameng'ang'ania lile jiwe kwa mikono yote miwili, midomo imeanza kuwa ya bluu, na macho yake yalikuwa yanamwomba. Hajawahi kumwomba binti yake kitu chochote. Viatu hakuomba, pesa hakuomba, hata jina lake hakuliomba.

Mwanamke hatoi mstari katika kanisa lile. Delphia alijaza kifua hewa, akautoa.

"Usiniulize nilichobeba, nilikibeba kwa mapenzi!"

Ndugu Caudill alisita kidogo tu, kisha akaupokea kwa sauti kubwa, na wote wakamfuata. Baba akaketi polepole kando ya kaburi. Oma alikuwa amejifunika uso kwa aproni. Wimbo ukaendelea, Delphia akitoa mstari mmoja baada ya mwingine, na mikono ikampitia, mikavu, ya jasho, yenye makovu ya makaa, kila mmoja akimbariki kwa kitendo ambacho wao hawakukijua.

Ulipokwisha, Ndugu Caudill alimshika Delphia mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola.

"Umeona, binti yangu?" alisema, na watu wakasogea kusikia. "Mungu amemrudishia sauti. Mungu ameshamsamehe. Na sisi tulimsamehe zamani. Umebaki wewe. Ulimwimba mbele ya dunia nzima, na ilikuwa haki yako, maana ukiwa mtoto uliumia. Lakini leo, juu ya kaburi la mama yako, hebu mwambie baba yako kwamba umemsamehe."

Wote walikuwa wanamtazama. Delphia aligeuka. Mzee alikuwa amejiinua tena kwa kushika jiwe, mabuti yake kwenye udongo, na alikuwa anatikisa kichwa taratibu juu na chini, kumtia moyo, kama alivyofanya zamani akimfundisha kufunga kamba za viatu.

"Nimekusamehe, Baba," alisema Delphia.

"Amina," Hobart akajibu. "Asante, mwanangu."