Tisa ya Kopa

Kutoka Sultan Hamud mpaka Makindu hakukuwa na jicho la kusoma ishara kama la Musembi. Aliyesema hivyo ni Musembi mwenyewe. Alimwambia stesheni masta, akamwambia mama wa chai, na siku moja akamwambia fahali aliyekuwa anangoja behewa, ambaye alitafuna tu bila kubisha. Miaka sita alikuwa amevuta mikono ya signali pale Emali na hakuna treni iliyompotea. Sasa karata ni nini? Karatasi tu.

Mwaka huo wa sabini na mbili stesheni ilikuwa imeshikwa na mchezo wa briji. Karani mmoja Mgoa, alipohamishwa, aliwaachia pakiti mbili za karata pamoja na ugonjwa wenyewe. Mezani hukaa wanne, wawili dhidi ya wawili, na mshirika wako anakuangalia usoni. Kumwambia ulicho nacho ni mwiko. Hata kukohoa kunatiliwa shaka. Karata ndiyo husema. Mwenzako akitupa kubwa, endelea na aina hiyo hiyo. Akitupa ndogo, acha, jaribu kwingine. Mwalimu Kalondu alimfundisha hayo wiki nzima, kwa subira ya kufundisha watoto wa darasa la kwanza kushika penseli. Musembi aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akiangalia vidole vyake.

Kalondu alikuwa ameitwa kwenye mashindano ya Nairobi Jumamosi iliyofuata, yeye na mshirika. Alishasema wazi: leo wakimshinda stesheni masta Nzomo na Mzee Yarow, mfanyabiashara wa ng'ombe, mshirika huyo atakuwa Musembi. Musembi alikuwa tayari amepiga shati pasi, na usiku mbili mfululizo alikuwa ameota yuko Nairobi, amekaa mkabala na Kalondu, na meza inazidi kuwa ndogo.

Alasiri hiyo joto lilikuwa limelaza kila kitu. Kwa mbali reli zilitetemeka kama maji. Milima ya Chyulu ilikuwa imeachana na ardhi, inaelea tu, bluu, bila miguu. Ndani ya mabehewa ng'ombe wa Yarow walipumua pamoja, polepole, kama mnyama mmoja mkubwa aliyesinzia.

Mchezo wa mwisho, ambao ungeamua yote, Nzomo alichagua shupaza iwe turufu na kuahidi kushinda mizunguko kumi kati ya kumi na tatu. Kumzuia, walihitaji minne. Yarow, mshirika wake, akalaza karata zake zote wazi mezani, maana sheria ndiyo hiyo. Pale Emali mtu huyo walimwita marehemu, kwa kuwa hana kazi tena duniani. Marehemu akainuka, akaenda kuleta birika.

Musembi alikuwa ameshaanza na esi ya kopa. Kalondu akatupa tisa, karata kubwa.

Tisa hiyo ilishuka taratibu, kama unyoya. Musembi hakuona karata. Aliona mlingoti kwenye joto na mkono mwekundu umenyooka juu yake. Na katika reli, mkono ukiinama treni inapita; ukinyooka juu, inasimama. Miaka sita. Vidole vyake vilitii kabla akili haijaulizwa. Kingi ya kopa ilikuwa imeshaanza kutoka. Akairudisha polepole, akatoa uru. Akajisikia ametulia, kama mtu aliyeepusha ajali.

Nzomo alitabasamu kama mtu aliyeletewa chakula kitandani. Akala uru ile, akamaliza turufu zao, akasema mizunguko yote iliyobaki ni yake. Wote wakatupa zao katikati. Simu ya ofisini ikalia, Nzomo akaikimbilia.

"Musembi," Kalondu alisema kwa upole, "nilikutupia tisa. Ulisoma nini?"

Hapo usingizi ukamtoka. Angesemaje kwamba mtu wa signali amesoma ishara kichwa chini? Nzomo angelitangaza mpaka Voi. Kalondu akaongeza kwamba kama alisahau si neno, wana wiki nzima ya kufanya mazoezi kabla ya Nairobi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ila ulimi wa Musembi haujawahi kupita mlangoni kama kuna dirisha.

"Nilikusoma vizuri sana, Mwalimu. Ulisema endelea." Mikono yake ilikuwa inachanganya karata, haraka haraka. "Sasa niendelee na nini? Kingi ilikuwa kwa stesheni masta. Mimi nilikuwa na ile esi tu, maskini, mjane asiye na watoto."

Kalondu alianza kutikisa kichwa kwa huruma. Nyuma yao birika likatuliwa chini.

"Kijana," alisema Mzee Yarow, "mimi nilikuwa marehemu, lakini macho hawakunifumba. Nimepita nyuma yako na chai. Kingi ya kopa ilikuwa chini ya kidole gumba chako. Umeitoa nusu, umeirudisha, halafu umenong'ona, simama."

Mikono ya Musembi ikaacha kuchanganya. Kalondu alimwangalia kidogo, kisha akamgeukia yule mzee na kumpokea kikombe.

"Mzee Yarow, Jumamosi utakuwa wapi?"

"Nairobi, Mwalimu. Ng'ombe hawajiuzi."