Hatua za Katunge

Mutisya alipompa Katunge simu yake aende nayo mtoni, Katunge alifurahi mpaka akaona haya.

"Ukiumwa na nyoka huko, pigia jirani yetu Ndululu. Nitakuja mbio."

Mume wa kukuwazia nyoka! Mwezi mzima Katunge aliifunga simu kiunoni kwa leso, akateremka kwenye mto mkavu, akafukua mchanga apate maji, akapanda na mtungi mgongoni, kamba ikimkata paji la uso. Simu haikulia hata mara moja. Hakuuliza kwa nini anapewa kila siku. Anayejiona anapendwa ana maswali gani?

Jibu lilimpata kanisani Mutomo, Jumapili, ameketi na akina mama.

Pastor Mwau alieleza kwamba presha ilikuwa inawamaliza wazee, kwa hivyo kwenye mkutano wa wanaume wakaanzisha mashindano ya kutembea. Simu inahesabu hatua, inachora na njia. Mshindi anapigiwa makofi mbele ya kanisa. Presha haikuwahi kumtoa mzee hata mmoja kitini. Makofi ndiyo yaliwainua.

"Na mshindi ni Mzee Mutisya!"

Mutisya akasimama na kitambi chake, akashika maikrofoni. "Bwana asifiwe! Kila asubuhi naamka na giza, natembea na Mungu..."

"Amen!"

Katunge akaikumbuka simu kiunoni mwake. Kumbe nyoka alikuwa nyumbani.

Akasimama. "Pastor, hebu tuonyeshe hiyo njia."

"Mama Kasyoka, kaa chini," Mutisya akamwambia mkewe, meno yamebanana.

"Sikai. Fungua, Pastor."

Pastor akaifungua kwenye simu, wazee wakachungulia. Mstari mwekundu ulitoka nyumbani kwao, ukashuka mtoni, ukarudi. Siku zote ni huo huo.

"Mutisya, tangu lini wewe unachota maji?" mzee mmoja akauliza, na kanisa likaangua kicheko.

Katunge hakucheka. "Huu mgongo umebeba maji yako ya kuoga, ya kunywa, na ya ng'ombe zako. Sasa na wewe umepanda juu ya mtungi?"

Pastor akatafuta pa kutokea. "Basi, tumpigie mama makofi!"

"Mpeni yeye, ndiyo chakula chake. Mimi nilidhani simu ni ya nyoka."

Akachukua Biblia yake, akatoka.

"Katunge! Ngoja nikueleze!" Mutisya akamfuata.

Katunge akaongeza mwendo, na mshindi wa kutembea akaishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye geti.