Pikapu Iliyoinamisha Pua

Mwaka ule nilikuwa naendesha gari siku tano kati ya saba. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilimpeleka mama mdogo wangu, Delphine Manygoats, kusafishwa damu kwa mashine mjini Chinle, figo zake zikiwa zimeacha kazi. Jumanne na Jumamosi nilikwenda kuchota maji, tangi la galoni mia mbili nyuma ya pikapu, ya kwetu na ya kondoo. Siku mbili zilizobaki ningesema nilipumzika, lakini kondoo hawana Jumapili.

Kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni maili kumi na nne za udongo. Kukiwa kukavu, barabara ni mawimbi matupu, meno yanagongana kinywani. Ikinyesha, ni ugali. Na mwaka ule mvua za Julai zilikuja kwa hasira, hazikuondoka mpaka Septemba.

Hakuna aliyeniuliza kama nitampeleka. Mama mzazi alipofariki nikiwa na miaka sita, Delphine alinishika mkono tukiwa bado makaburini, na tangu siku hiyo nikawa wake, nami nikamwita mama. Nilikuwa nimefika miaka hamsini na mbili, mgodi wa makaa nilikokuwa nachomelea vyuma ulikuwa umefungwa, sina mke tena, na nina pikapu. Mambo yakajipanga yenyewe.

Pikapu yenyewe ilikuwa imechoka kama mwenyewe. Nyuma imesimama juu, mbele imeinama kama kondoo anayekula nyasi. Nikiipakia maji, matako yalishuka ikakaa sawa, lakini ikiwa tupu, nimembeba mama tu, pua ilikuwa inalima barabara. Mwisho wa Julai iligonga kigongo cha udongo uliokauka katikati ya njia. Plastiki yote ya chini ya bampa ikang'oka, na bamba linalolinda sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, likapinda.

"Umeua nini?" mama aliuliza.

"Gari."

"Basi twende nalo hivyo hivyo kabla halijaoza."

Jioni tukirudi nilipitia kwa Arvin. Arvin ni mtoto wa shangazi yangu, fundi, na karakana yake ni kibanda cha kivuli cha magogo ya mti wa mreteni mbele ya nyumba, na magari matatu yasiyotembea tena. Binamu wa namna yake kwetu haongei nawe bila kukutania. Akikuheshimu, ujue kuna msiba.

"Binamu," alisema akizunguka pikapu, "gari lako linamtafuta nani huko chini?"

"Linatafuta akili zako ulizodondosha."

"Zikionekana nirudishie. Nilikuwa nazitumia Jumapili."

Alichukua futi ya chuma, akapima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi. Mbele inchi thelathini na tano na nusu. Nyuma thelathini na nane. Akaandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu, kana kwamba atasahau.

"Watu wote siku hizi wanapandisha mbele ili gari likae sawa," alisema. "Kuna pete nene za chuma, zinakaa juu ya shokapu. Inchi mbili. Kazi ya mchana mmoja, na bei yake hailizi. Tope halitakugusa bampa tena."

"Basi tufunge pete."

"Ngoja nimalize, unakimbilia wapi? Springi zako zimechoka. Ukiweka pete juu ya springi iliyochoka, ni kama kumvisha mzee viatu vya visigino. Atakuwa mrefu, lakini magoti ni yale yale. Na viungo vya magurudumu vitakuwa vinafanya kazi vimepinda. Vitalia mapema."

"Njia nyingine?"

"Shokapu mpya ndefu pamoja na springi zake, zile unazipandisha na kuzishusha kwa spana. Hizo ni raha. Zinapita juu ya mawimbi kama ng'ombe anayeogelea. Lakini kwa bei yake, huyo ng'ombe ungemnunua."

"Nyingine."

"Tushushe nyuma. Natoa vipande vya chuma vilivyo kati ya ekseli na springi, gari linakaa sawa, bure kabisa." Akacheka kabla hajamaliza. "Halafu Jumanne unajaza tangi, mkia unaburuta, pua inaangalia mbinguni, na taa zako zinamulika nyota. Hao wanaokuja mbele yako watakuombea mabaya."

Mama alikuwa amekaa ndani ya gari, dirisha wazi, anamung'unya kipande cha barafu. Kliniki walimruhusu maji kidogo sana, kwa hiyo barafu moja aliweza kuidumisha nusu saa. Akaitema kwenye kikombe ili aongee vizuri.

"Ninyi wawili mnapandisha gari au mnanipandisha mimi?"

Tukageuka.

"Nikienda, napanda kwa kukanyaga kreti la maziwa. Nikirudi miguu haipo, huyu Leland wangu ananinyanyua kama gunia la unga. Mkiongeza inchi mbili, mwaka huu mtanirusha kwa koleo."

Arvin alicheka mpaka akashika bampa. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa naona ukweli wa maneno yale kwenye kiuno changu, kilichokuwa kinauma tangu Mei.

Hata hivyo niliagiza pete. Nilikuwa nimechoka kufikiri, na mtu aliyechoka huchukua kilicho karibu. Boksi likafika posta, nikaliweka mezani jikoni, na likakaa hapo mwezi mzima. Kufunga kungechukua mchana mmoja, halafu ilikuwa lazima gari lipelekwe mjini Gallup likanyooshwe magurudumu kwa mashine, la sivyo tairi zingeliwa upande mmoja. Hiyo ni siku nzima, na sikuwa nayo. Kila asubuhi nilisogeza boksi nikaweka kikombe cha kahawa.

Jumatano moja ya Septemba tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Pale kwenye korongo la maili ya tisa maji yalikuwa yamepita, yameacha tope jekundu, laini, la kina cha mkono. Nilishuka nikalipima kwa kijiti. Nikaona tutapita.

Magurudumu yalikuwa yanavuta vizuri. Lakini pua iliingia kwenye tope, ikaanza kulisukuma mbele, tope likajikusanya mbele ya bampa kama zulia linalokunjwa, mpaka gari likakataa. Nikarudi nyuma, likazama. Nilichimba kwa koleo kwa muda wa saa nzima. Simu haikuwa na mtandao. Nilipokosa pumzi nilirudi ndani nikakaa, tope hadi kwenye mapaja.

Jua lilipanda. Saa yake ya mashine ikapita. Mimi na yeye tuliijua, hakuna aliyeitaja. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho, pete ya kidole ilikuwa imezama kwenye nyama.

"Umechoka, mwanangu," alisema.

"Sijachoka."

"Unaongopa vibaya. Marehemu mume wangu alikuwa hodari wa uongo, naujua mzuri ulivyo."

Nikaanza kukwangua tope kwenye suruali.

"Nitakwenda kukaa kwa Verna," alisema. "Mpaka baridi iishe."

Verna ni binti yake. Anafundisha shule Chinle, na nyumba yake iko dakika kumi kutoka kwenye mashine. Alikuwa amemwomba miaka miwili. Kila mara mama alisema kondoo watamsahau.

"Na kondoo?"

"Uza nusu. Waliobaki watakusumbua kidogo. Yule jike mweusi usimuuze, hata Arvin akipiga magoti."

"Mama, naweza kuendelea kukupeleka. Hizo pete zikifungwa—"

"Leland." Aliniwekea mkono begani, kwenye tope. "Jana usiku uliegemea friji ukalala umesimama. Nilikuwa nakuangalia. Nikasema, huyu nitamuua kabla figo hazijaniua mimi."

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Niliona Jumatano tupu, Ijumaa tupu, mimi nimelala hadi jua linaingia dirishani. Kisha aibu ikaja, ikakaa juu ya furaha ile kama kifuniko, lakini chini yake ilikuwepo bado. Nilitazama nje ili asinione. Nadhani aliona.

Saa sita mchana greda la barabara lilitokea, dereva wake ni wa ukoo wa baba yangu, akatufunga mnyororo akatuvuta. Chinle tulifika tumechelewa, kliniki wakampa nafasi Alhamisi asubuhi. Alilala kwa Verna siku hiyo, na nilipomletea nguo zake mwisho wa juma alikuwa ameshachagua kiti chake karibu na dirisha na kugombana na televisheni.

Niliporudi kwa Arvin nilikuwa na boksi chini ya kwapa.

"Pete sizitaki," nilimwambia. "Gari hili lilipotoka kiwandani lilikuwa limeinama inchi ngapi?"

"Moja. Ili ukipakia likae sawa."

"Basi ile moja na nusu iliyobaki ni uchovu."

"Ni uchovu tu."

"Niwekee springi mpya za urefu ule ule wa kiwandani. Na shokapu za kawaida. Maji bado nayachota, na mama atakuja kutembea."

Arvin alinitazama, akataka kusema utani, akauacha. Hapo nikajua sura yangu ilivyokuwa. Tulifanya kazi siku mbili, Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa! Nilikuwa nashika spana saa nne asubuhi ya Ijumaa na mkono ukawa unatafuta funguo za gari. Zile pete alizichukua yeye, akazifunga kwenye gari lake, na sasa akipakia nyasi za ng'ombe, pua iko juu kama mbwa mwitu anayelia, na watu wote wanaokutana naye wanampigia honi.

Baada ya hapo nilichomelea ngazi ya chuma upande wa abiria, hatua moja pana, yenye meno ya kuzuia kuteleza. Mama alipoijaribu mara ya kwanza alisema iko chini mno, kwamba sasa analazimika kupanda mara mbili. Lakini alipanda mwenyewe, mkono mmoja kwenye mlango, na sikumgusa.

Jumatano iliyofuata nilipeleka gari Gallup kunyooshwa magurudumu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya kahawa, nikasema nitafumba macho dakika moja. Nilipofumbua, mama mmoja wa kaunta alikuwa anafunga karatasi zake.

"Gari limeisha saa nyingi," alisema. "Vijana waliuliza kama wakuamshe. Nikawaambia mwacheni."

Nilimshukuru. Shingo ilikuwa imekaza. Nikampigia Verna kutoka nje, na Verna akasema mama amesharudi kutoka kwenye mashine, amelala kitini, mdomo wazi, hakuna tatizo. Nikakaa nyuma ya usukani. Gari lilikuwa limetulia, halivuti kulia wala kushoto, na mbele yangu kulikuwa na maili mia moja na kidogo za kurudi nyumbani, na kondoo ishirini na mmoja wasiojua ni siku gani.